Mwaka wa Kinanda cha Mpofi

Tulimzika Mama Masika kwao Butembo, juma la mvua nyingi, na muda wote tuliokaa kilioni nilisikia watu wakimsifu kwa mambo ambayo yeye mwenyewe angeyacheka. Walisema alikuwa mama wa watu wote, mwenye moyo mweupe, mtu asiyemshuku mtu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, chai imenipoa mkononi, nikizitazama nyuso za wafanyabiashara wenzake nione kama kuna hata mmoja atakayekohoa. Hakuna aliyekohoa. Mama Masika niliyemjua mimi aliifunga sukari yake kwa kufuli, alionja chumvi ya gunia jipya kabla ya kukubali kuwa ni chumvi, na nyumbani kwa mtu hakunywa maji mpaka mwenyeji ayanywe kwanza. Nilimpenda hivyo hivyo. Nadhani nilimpenda kwa sababu hiyo, maana mtu anayemshuku kila mtu, siku akikuamini, unajua umepewa kitu. Lakini mambo hayo hayasemwi mbele ya jeneza. Nikamwaga chai iliyopoa, nikaukumbuka mwaka wote ule wa kinanda.

Ulikuwa mwaka niliopata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, na kukosa cha kufanya nayo. Nilikaa Burungu, upande wa Masisi, nikilima na wenzangu siku za kazi na kupiga kinanda cha kanisa siku ya Bwana, kile kidogo cha plastiki kilichopungukiwa sauti kila batri zilipochoka. Mama Masika alikuwa na duka Kitchanga, na lori lililoshusha maharagi Goma na kupandisha chumvi, sabuni na vitenge. Siku moja alituma niitwe. Alinipokea katika chumba cha nyuma ya duka, chumba chembamba kilichonuka sabuni na makayabo, samaki wakavu wa chumvi, magunia yamepangwa hadi darini, na juu ya kasha moja Bikira Maria wa udongo akiutazama mlango kama mlinzi. Hakunikaribisha kuketi.

"Neema," alisema, "banasema weye unajua kupiga sinte."

Sinte ndilo jina tunaloviita kwetu vinanda vya umeme, tumelikata kutoka Kifaransa.

"Najua kidogo, Mama."

"Kidogo njo nataka. Benye kujua sana banaiba."

Alitaka kununua sinte ya zamani, si hizi mpya zinazolia kama simu. Alitaka ile yenye butoni nyingi za kuzungusha, yenye sauti nene inayotikisa kifua, kama alizosikia ujanani. Amesikia kwamba iko moja Rubaya na nyingine Walikale, upande wa Mpofi. Mimi nitakwenda naye, nitazipiga, nitasema ipi inunuliwe. Sikumwuliza ni ya kazi gani. Aliyemwuliza Mama Masika swali alirudishiwa maswali.

Kabla ya safari nilimwendea Papa Ndoole, aliyetengeneza redio pale sokoni, anifundishe cha kuangalia. Alinieleza kwa ukarimu. Masini ya namna ile uiache ipate moto kwanza, maana ikiwa baridi sauti yake inayumba. Zungusha kila butoni usikie kama sauti inafuata. Fungua nyuma, tazama, nusa kama kuna kilichoungua. Kisha akainama juu ya meza yake, akapunguza sauti ingawa tulikuwa wawili tu.

"Na ule mama naye umuangalie. Mule ndani ya masini za zamani muko vidude vya koltani. Kuko batu banazinunua juu ya kuvunja, si juu ya kupiga."

Koltani ni madini yanayochimbwa kwetu na kuuzwa ghali, na maneno hayo yaliniingia kama kijiti cha mwiba kisichotoka. Tangu hapo nilipomtazama Mama Masika, niliona nyundo. Nilikuwa kijana, na kijana anapopewa siri ya mtu mzima hujiona ameerevuka. Leo najua kwamba siri nyingi za Masisi huzaliwa mezani pa mtu aliyekosa wateja tangu asubuhi.

Rubaya tulifika mchana kwa lori la Mama, milima imechubuliwa hadi nyama yake nyekundu, vijana wakiteremka na mizigo migongoni, matope mpaka kwenye kope. Mwenye sinte alikuwa mnunuzi wa madini, aliyeitwa Patron Jado. Sebule yake nakumbuka yote: makochi yaliyovikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, maua ya plastiki yenye vumbi, televisheni mbili, moja juu ya nyingine, na katikati ya chumba ile sinte imefunikwa kitambaa chekundu cha altare ya kanisa. Alitupa fanta za moto na biskuti. Mama Masika aliishika chupa yake, akaizungusha, akaiweka chini bila kuifungua.

Patron Jado alifunua kitambaa kama padri. Na kweli ilikuwa nzuri. Ubao wa pembeni wa mti wa kahawia, butoni nyeusi zimejipanga safu kwa safu. Alimwita mtu awashe jenereta ya nje, tunayoiita groupe, akabonyeza, na papo hapo ikatoka sauti safi ya fidla nyingi, pamoja na ngoma inayojipiga yenyewe. Wapita njia walikusanyika mlangoni. Mama Masika alinitazama.

Niliketi. Nilishika noti tatu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikazungusha butoni ya kwanza. Sauti haikubadilika. Nikazungusha ya pili, ya tatu, nikashuka safu nzima. Fidla ziliendelea kulia vilevile, tamu, kama mtu anayetabasamu huku hakusikii. Niligusa mbao: baridi.

"Patron," nilisema, "tunaweza kuifungua nyuma?"

"Ukigusa visi, garanti imekwisha."

"Garanti ya masini ya zamani hivi?"

Watu mlangoni walicheka. Yeye hakucheka. Alisema bisibisi ya kufungulia skrubu hizo alimwazima jirani, ngoja aende kuitafuta, akanifanyia ishara nimfuate kwenye korido. Pale, kati ya mlango wa jikoni na pazia la sebule, aliniambia kwa upole kwamba mimi ni mutoto mwenye akili, na kwamba nikirudi ndani nikasema masini ni nzuri, kuna soda yangu ya kutosha kunipeleka Goma kusoma. Nje groupe ilikohoa, ikanguruma tena kwa nguvu. Nilimwambia hapana. Nilisema kwa sauti ndogo kwa sababu nilimwogopa.

Niliporudi, Mama Masika alikuwa amesimama karibu na pazia, mkoba wake kwapani. Nikasema mbele ya wote kwamba ninavyoona mimi, sanduku ni la zamani lakini anayeimba ndani ni kinanda cha plastiki cha watoto. Patron Jado aliapa kwa marehemu mama yake. Dereva wetu alikuwa na bisibisi yake mfukoni; alipoinama tu kwenye visi vya nyuma, Patron alikifunika kinanda kwa kitambaa chekundu na kusema biashara imekwisha. Tuliondoka bila kuona ndani. Hilo lilinisumbua, na nilijua lilimsumbua Mama pia: hatukuona. Alikuwa na neno langu tu.

Toka hapo hadi Masisi-centre, na toka Masisi hadi Nyabiondo, hakunisemesha. Tulilala kwa masista, tukala maharagi na jibini, akaketi upande wa pili wa meza akinitazama nikitafuna. Nilielewa. Alikuwa ameniona naingia korido na yule mtu, akaniona natoka. Nami nilikuwa namtazama vilevile, nikiwaza vile vidude vya koltani. Kama masini ya Rubaya ilikuwa ya uongo, ndani yake hakukuwa na koltani, basi kuikosa hakumuumizi. Tutaona ya Mpofi. Hivyo ndivyo tulivyosafiri, watu wawili kwenye kiti kimoja cha lori, kila mmoja akimlinda mwenzake kama mwizi.

Nyabiondo tuliacha lori, maana mbele barabara ilikuwa imeliwa na mvua, tukapanda pikipiki mbili. Msitu ulianza kutufunga polepole. Mpofi tulipokelewa na Mama Feza, mjane mwembamba mwenye sauti nzito, na shemeji yake Papa Kibondo, mwindaji, mtu aliyenuka moshi na asiyemaliza sentensi. Marehemu mume wa Mama Feza alikuwa amepiga muziki Kisangani ujanani, na alirudi nyumbani na sinte yake enzi ambazo malori bado yalipita njia ile. Ilikuwa kwenye kona ya chumba, imefungwa ndani ya shuka juu ya vigogo viwili, ili mchwa wasiifikie. Hawakutuonyesha. Walisema tule kwanza.

Waliandaa lituma, ndizi iliyopondwa mpaka ikalainika, na nyama ya pori kwenye mchuzi wa mawese. Nyumba ilikuwa na giza la moshi, na sahani kubwa moja iliwekwa katikati. Mama Masika aliunganisha mikono, akasali sala ndefu kuliko kawaida yake. Nilijua anangoja nini. Kwetu watu wazima wote wanaogopa karuho, sumu ile ambayo hakuna aliyeiona lakini kila ukoo umemzika mtu wake. Mama Feza naye alijua. Alinyoosha mkono, akamega tonge upande uliokuwa mbele ya Mama Masika, si upande wake, akatumbukiza, akala, akameza, akafungua kinywa wazi kama mtoto kwa muganga.

"Sasa kula, Mama," alisema. "Njaa haina kosa."

Mama Masika alikula. Lakini jioni, tulipokuwa tunaota moto, niliwasikia Mama Feza na shemeji yake wakibishana upande wa pili wa ukuta wa fito. Walisema Kinyanga, lugha nisiyoijua, na katika mto huo wa maneno yalielea yale niliyoyajua: koltani, Rubaya, Butembo, tena koltani. Sauti ya Papa Kibondo ilikuwa ikipanda. Mama Masika aliacha kuchokonoa moto.

"Unasikia?" alininong'oneza.

"Ninasikia."

"Unasikia nini?"

Nilitaka kumwambia nasikia jina la kile unachokitafuta. Nilisema sijui Kinyanga.

Asubuhi walileta batri kutoka kanisani pamoja na kisanduku cha kugeuza umeme, wakafungua shuka. Haikuwa nzuri. Ubao umepasuka upande mmoja, noti mbili za mwisho zimekufa, na ilikuwa ya aina ile inayotoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukishika mbili, moja inanyamaza. Ilipowaka sauti yake iliyumba, ikateleza chini kama mlevi kwenye matope.

"Imeharibika," Mama Masika alisema.

"Hapana, Mama. Iko baridi. Tungoje."

"Rubaya ilikuwa inalia vizuri, ukasema mubaya. Hii inalia mubaya, unasema tungoje." Aliongea taratibu, mbele ya wenyeji. "Nani amekupa nini, Neema?"

Nilirudi kwenye kazi. Nilifungua nyuma, vumbi, kiota cha mende, hakuna harufu ya kuungua. Nilizungusha kila butoni, na kila moja sauti iliifuata, ikifunguka, ikifumba, ikikwaruza penye vumbi. Ndipo nilipoona alama. Kando ya kila butoni kulikuwa na nukta ndogo ya rangi nyekundu, rangi ya kucha za wanawake. Masini zile hazina kumbukumbu. Sauti uliyoitengeneza leo, ukigusa butoni imekwenda, ni lazima uitafute upya. Marehemu alikuwa ameweka alama asiipoteze yake. Nilizipeleka butoni zote kwenye nukta zake, nikabonyeza noti ya katikati, na ikatoka sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwenye chombo chochote, kama mtu mzima anayeimba amefumba midomo, ndani ya nyumba nyingine. Sasa ilikuwa imepata moto. Haikuyumba.

Mama Feza alikuwa anamenya ndizi. Kisu kilisimama. Papa Kibondo aliinuka, akatoka nje, na Mama Masika akaukamata mkoba wake kwa mikono miwili, akifikiri kama nilivyofikiri mimi, kwamba amekwenda kuita vijana.

Alirudi amebeba kiunzi cha mabua ya msituni, kimesukwa kwa kamba, chenye mikanda ya kuvaa mabegani. Ndicho ndugu yake alichokuwa anabebea sinte kwenda kwenye sherehe za vijiji vya jirani. Akakiweka chini, lakini akaendelea kukishika.

"Munaenda kuivunja?" aliuliza. Alimwuliza Mama Masika. "Batu ya Rubaya balikuja hapa, bakanunua redio kubwa ya kaka yangu, bakaivunja pale pale kwenye njia. Juu ya koltani. Munaenda kuivunja?"

Nilimtazama Mama Masika. Nilikuwa nimesubiri swali hilo tangu Kitchanga. Yeye alimtazama Papa Kibondo kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yanapanda mlima, kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo ambacho sikujua kama anacho.

"Papa," alisema, "kama nilikuwa nataka koltani, nilikuwa nabaki Rubaya. Kule iko milima muzima. Nitatembea mpaka huku juu ya kijiko moja?" Alijipangusa macho. "Miye niko mucuruzi, mutu wa biashara. Kitchanga batu banaoana kila juma, na bapiga muziki ni bale bale, na sinte zabo zinalia sawa simu. Nataka kuwa na orkesta ya kukodisha. Nataka faida. Njo hivyo tu."

Hakuna jambo lingine ambalo angaliweza kulisema wakamwamini. Angesema anapenda muziki, wangeifunga tena kwenye shuka. Papa Kibondo aliachilia kiunzi. Nami nilijisikia kama mtu aliyeshika mlango kwa nguvu zote, kumbe upande wa pili hakuna anayesukuma.

Kisha Mama Masika akanigeukia. "Sema."

Nilisema yote. Inatoa noti moja tu. Noti mbili zimekufa. Haikumbuki kitu. Kwetu Burungu ni baridi, tutakuwa tunaiwasha mapema ipate moto. "Lakini ni ya kweli, Mama. Ukiigusa inajibu. Tuchukue hii." Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka, nikaongeza: "Ule muntu wa Rubaya alitaka kunipa kitu, niseme yake iko muzuri. Nilikataa."

"Najua alitaka kukupa. Nilisikia." Mama Masika aliuweka mkoba kwapani. "Yeye nilimusikia. Weye sikukusikia. Groupe ilianza kupiga kelele."

Walipatana bei nje, wanawake wawili, bila mimi. Waliporudi, Mama Feza alileta kitambaa na chupa ndogo ya petroli, akapiga magoti mbele ya sinte, akaanza kufuta nukta nyekundu, moja baada ya nyingine. Niliruka. Nilidhani anatuharibia mali kwa hasira ya kuagana nayo, na Mama Masika alikuwa tayari amenyoosha mkono amzuie.

"Masini muliinunua," Mama Feza alisema, bila kuacha kufuta. "Ile sauti ilikuwa ya bwana yangu. Mutatafuta yenu." Alipomaliza alizirudisha butoni zote kwenye sifuri, akaifunika shuka, akarudi kwenye ndizi zake.

Kinanda kile kilipiga ndoa nyingi. Orkesta ya Mama Masika ilijulikana mpaka Mweso, na mimi nilikula kupitia noti moja moja kwa miaka. Unyevu ulikimaliza polepole, kama unavyomaliza kila kitu kwetu, na hakuna aliyekivunja. Watu huniuliza ni ndoa ipi ninayoikumbuka zaidi. Ninayoikumbuka zaidi ni siku tuliyokuwa tunakitoa Mpofi, kabla hakijampigia bibi harusi yeyote.

Tulikuwa njiani kurudi Nyabiondo, mimi kwenye pikipiki ya mbele na kiunzi mgongoni, Mama Masika nyuma. Ndivyo alivyoamuru tulipoondoka: nitangulie, anione. Kwenye kona moja tulikuta barieri, mti umelazwa barabarani na vijana wenye bunduki wameketi kwenye ukingo. Sikujua ni wa nani, na haikuwa adabu kuuliza. Mmoja aliinua shuka, akaona butoni na nyaya, akaita wenzake.

"Hii iko phonie," alisema. Phonie ni redio ya kuitana, na mwenye kubeba phonie msituni amebeba kifo cha mtu. "Munaipelekea nani?"

"Ni kinanda," nilisema. "Cha muziki."

Mkubwa wao alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakata kucha. "Kama iko kinanda, piga."

Walitoa batri ya pikipiki. Kisanduku cha kugeuza umeme tulikuwa tumeuziwa Mpofi. Niliunganisha, nikabonyeza. Kimya. Butoni zote zilikuwa sifuri, na alama hazipo. Nikafungua moja, nikafungua nyingine, na ghafla ikatoka sauti ya upepo, shhhh ndefu, sauti ile ile ya redio inayotafuta stesheni.

"Munaona!" kijana alipiga kelele, na nikasikia bunduki ikikokwa. "Phonie!"

"Mungoje," nilisema. "Mungoje kidogo." Sikuthubutu kuinua macho. Niliufumba upepo, nikafungua butoni ya pembeni, nikasikia noti ndogo, ya chini, nyembamba kama uzi. Niliifuata. Niliinenepesha polepole mpaka ikasimama. Haikuwa sauti ya marehemu, ilikuwa mbichi, ya puani kidogo, lakini ilikuwa sauti. Nikapiga kwa kidole kimoja wimbo wa komunyo ambao kila mtoto wa Kivu anaujua. Masini ilikuwa baridi, ikawa inateleza, na wimbo ukateleza nayo. Nyuma yangu mtu alianza kuimba. Alikuwa Mama Masika. Alikuwa na sauti mbaya kupita kiasi, na aliuimba kwa Kinande, lugha ya kwao, akiteleza pale masini ilipoteleza, macho yake kwa mkubwa wa barieri. Kijana mmoja alicheka kwanza. Kisha mwingine akashika ubeti wa pili.

Mkubwa alituacha tuumalize. Kisha akamwuliza Mama Masika, "Nani anahakikisha hii masini haitumii ujumbe kwa mutu? Huyu musichana munamujua?"

"Huyu?" Mama Masika alisema. "Huyu namuaminia na macho yangu yote mbili yamefungwa."

Waliuondoa mti. Nilifunga shuka, nikavaa kiunzi, nikapanda nyuma ya pikipiki nikingoja kutangulia kama nilivyoagizwa. Mama Masika alimgusa dereva wake begani, akamwonyesha mbele. Pikipiki yake ilitupita, ikashika njia, mgongo wake mpana ukiwa mbele yangu, kitenge kimemwagikiwa matope, na kutoka barieri ile hadi Nyabiondo hakugeuka nyuma hata mara moja.